Heda za kuchomelewa Nakuru kwa Datsun 160J yenye injini ya L18

Mwenye Datsun 160J anayetaka kutoa injini ya L16 iliyochoka, kuweka L18 na kuifungia heda (mabomba ya moshi yanayotoka kila silinda na kukutana chini), atapata kazi nzuri zaidi kwa mafundi wa Industrial Area ya Nakuru kuliko kwa heda iliyokuja ndani ya sanduku. Sharti ni moja tu, flanji, yaani bamba linaloshika mabomba kwenye injini. Mabomba wanayakunja vizuri, kuchomelea wanajua, na gari hutoka likinguruma jinsi mwenyewe alivyotaka. Kinachowaangusha ni flanji. Ikiwa mbovu hula gasketi moja baada ya nyingine hadi mwenye gari achoke na kurudisha manifoldi ya zamani ya chuma cha kusubu.

Gari lenyewe halihitaji kuelezwa sana Bonde la Ufa. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun za familia hii ya Violet. Tathmini hii inahusu gari la barabarani: kabureta moja, kemshafti ya asili, na dereva anayetaka kupanda Mau Summit bila kushuka hadi gia ya pili nyuma ya kila trela.

Injini kwanza, kwa sababu heda huifuata injini. L16 ina silinda za mm 83 na mwendo wa pistoni wa mm 73.3, yaani cc 1,595. L18 ni 85 kwa 78, cc 1,770. Kwa nje bloku hizi zina kimo kimoja, hivyo L18 hukaa palepale pa L16 bila kukata kitu: mabano yaleyale, giaboksi ileile, na boneti inafunga. L20B, ndugu yao mkubwa, nayo huingia, lakini bloku yake imepanda kwa karibu mm 20 na milango ya moshi imepanda nayo. Heda iliyopimwa kwa L16 haitafika tena ilipokuwa ikifika.

Usichukue neno la muuzaji kuhusu aina ya injini. Namba imegongwa upande wa kulia wa bloku, juu karibu na hedi (kichwa cha injini), kuelekea nyuma, na huanza na L16, L18 au L20B. Pakaza mafuta ya taa, sugua kwa brashi ya waya, usome mwenyewe. Namba iliyopitishwa grinda, achana na injini hiyo hata ikiwa nafuu.

Kazi ya kufunga injini yenyewe gereji nyingi za Nakuru huifanya vizuri, na hatuna malalamiko makubwa. Yapo mambo machache ya kuwasimamia. Sampu (beseni la oili) na bomba la kunyonya oili vitoke kwenye L16 iliyokuwa garini, na viende pamoja. L18 iliyotoka kwenye modeli nyingine huweza kuwa na sampu yenye tumbo mahali pengine, nayo itagonga fremu ya mbele. Ukibadilisha sampu ukaacha bomba lake, pampu itanyonya hewa gari likiwa mlimani. Ikitolewa pampu ya oili, kijiti kinachozungusha distributa hutoka nayo. Wakati wa kuirudisha, silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye pigo la kubana, ulimi wa juu ya kijiti ukae kama mishale ya saa inayosoma 11:25, na upande mwembamba uelekee mbele. Kikirudi kikiwa kimekosea jino moja, fundi ataizungusha distributa hadi ifike mwisho wa mpasuo wake na bado taimingi isipatikane.

Hedi ikiinuliwa, kabari ya mbao iingie katikati ya cheni kabla ya sproketi kufunguliwa. Tensheni ikiruka, kava lote la mbele hufunguliwa, na saa moja ya kazi inageuka siku nzima. Baada ya kufunga, vali hupimwa injini ikiwa baridi: 0.20 mm za kuvuta, 0.25 mm za moshi. Ikiwa moto ni 0.25 na 0.30.

Klachi huleta ugomvi kuliko vyote. Plesha pleti ya mm 200 na ya mm 225 hazilingani kimo, na kola inayobeba bearingi ya klachi imetengenezwa kufuata kimo cha plesha yake. Ukizichanganya, klachi inakataa kuachia, au inateleza ingali mpya. Fundi atarefusha fimbo, atatoa hewa kwenye mfumo, atalaumu silinda ndogo ya klachi, na mwishowe giaboksi itashuka tena. Kwa hiyo plesha, diski na kola vinunuliwe kutoka injini moja. Kabla giaboksi haijapanda, tia kidole mwisho wa krenki uone kama bushi ndogo ya shafti ipo. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki huenda haina, na bila hiyo gia hukwaruza.

Halafu maunti, vishikio vya mpira vinavyobeba injini, na hapa ndipo gereji na fundi wa kuchomelea hukosana. Heda ipimwe injini mpya ikiwa imeshakaa juu ya maunti mpya, giaboksi ikiwa imefungwa na uzito wa gari uko kwenye magurudumu. Watu wengi hupeleka gari kwa fundi wa kuchomelea likiwa bado na injini ya zamani na maunti zilizolala, wakidhani wanaokoa muda. Mpira wa maunti mpya huiinua injini. Heda iliyokuwa imepita kando ya fremu kwa nafasi ya kidole sasa inagusa, na kila injini ikitetemeka utasikia mlio sakafuni. Hakuna namna ya kurekebisha hilo ila kukata na kuchomelea upya, nawe utalipa mara ya pili.

Sasa heda. L18 huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kwa heda ya nne kuingia mbili na mbili kuingia moja, bomba la 1 liungane na la 4, la 2 na la 3. Hapo kila jozi hupokea pigo moja la moshi kwa kila mzunguko wa krenki, kwa umbali sawa. Fundi asiyejua ataunganisha 1 na 2, kisha 3 na 4, kwa kuwa ni majirani na mabomba ni mafupi. Gari litawaka na litanguruma, lakini nguvu ya katikati, ile ya kupandia mlima, haitaonekana. Kuna wanaoomba nne ziingie moja kwa moja kwenye kolekta moja (shingo ambamo mabomba hukutana) kwa sababu waliona gari la mbio lina hivyo. Mtindo huo hulipa injini ikizungushwa juu sana. Kwa mwinuko wa Njoro kwenda Mau Narok ukiwa na abiria watatu, 4-2-1 ndiyo yenyewe.

Kipenyo cha nje cha mm 38 kinatosha kwa L18 yenye kemshafti ya asili. Mm 41 au 42 ni kwa aliyeweka kemshafti kali na kabureta mbili. Bomba nene kupita kiasi hupunguza mwendo wa moshi, na gari huwa zito chini ya mizunguko 3,000. Ukuta wa bomba uwe mm 1.6. Uliza hili kabla ya kulipa chochote, kwa maana baadhi ya mafundi hutumia bomba la kutengenezea viti. Ni jembamba, hukunjika kwa urahisi, na hupasuka kando ya mshono wa kuchomelea. Chukua kipande kilichokatwa, pima ukuta kwa kalipa.

Wanaokunja kwa kujaza mchanga hupata kona laini isiyobonyea, na hilo tunalisifu. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, kwani unyevu kidogo ukipata moto hugeuka mvuke na kurusha kizibo usoni mwa mtu. Wengine hukata vipande vidogovidogo na kuviunga kuwa kona. Si kosa, ila kila mshono ni mahali pa kupasuka, na ndani huacha matone ya chuma. Ingiza kidole kwenye kila mdomo wa flanji na uzungushe. Ukikwaruzwa, rudisha ikasagwe.

Kuhusu stenlesi, wapo Nakuru wanaoichomelea vizuri kwa gesi ya argon, hasa waliozoea matangi ya maziwa. Inapendeza, haishiki kutu. Lakini ikipata moto hutanuka kuliko chuma cha kawaida, takriban 17 kwa 12 katika kipimo kilekile, na heda ya stenlesi iliyobanwa bila mahali pa kuchezea hupasuka mapema. Kwa gari hili chuma cha kawaida kinatosha. Kuifunga heda kwa ule mkanda wa nguo ya moto hatukupendekezi. Mvua za Aprili zikiingia ndani yake maji hayatoki, na chuma huoza chini kwa chini bila wewe kuona.

Turudi kwenye flanji. Kwenye injini za L, kuvuta na moshi viko upande mmoja, kushoto kwa gari, na manifoldi zote mbili hukalia gasketi moja. Baadhi ya bolti hushika vyote viwili kwa pamoja: washa nene moja, nusu yake inakanyaga manifoldi ya kuvuta, nusu nyingine inakanyaga heda. Ikiwa flanji ya heda ni nyembamba kuliko ya kuvuta hata kwa nusu milimita, washa hulala upande. Upande wa kuvuta unabana, upande wa moshi unaelea. Unaweza kukaza hadi bolti ikatike na heda bado itavuja, kwa sababu spana inakaza kitu kingine. Ukifungua utaona wazi: alama ya washa imeng'aa upande mmoja tu, na gasketi imekuwa nyeusi mahali moshi ulipopenya.

Dawa ni kalipa. Pima unene wa manifoldi ya kuvuta pale washa inapokanyaga, kisha flanji ya heda ikatwe kwenye bamba la mm 10 na kusagwa mashineni hadi zilingane. Ikiwa imeshatengenezwa nyembamba, peleka washa kwa fundi wa lethi azichonge zenye ngazi. Fundi wa kuchomelea atakuambia, "Bosi, ikipata moto itajikaza." Haitajikaza. Na akitaka kutumia bamba la mm 6 kwa kuwa ndilo alilo nalo, ngoja apate la mm 10, au ulinunue mwenyewe umpelekee.

Tatizo la pili la flanji ni kupinda. Kuchomelea mabomba manne kwenye bamba moja huvuta chuma, na flanji iliyoingia ikiwa nyoofu hutoka imejipinda kama ndizi. Fundi mzuri huifunga kwanza kwenye hedi mbovu au bamba zito, akachomelea kidogo mdomo wa 1, akaruka wa 4, akarudi wa 2, na kuiacha ipoe ikiwa bado imefungwa. Kisha inasagwa. Ikifika mkononi mwako, simamisha rula ya chuma juu ya milango yote na upitishe fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya). Ya 0.2 mm ikiingia popote, usiipokee. Gasketi mbili juu ya nyingine, au silikoni nyekundu, ni njia ya kuahirisha shida hadi wiki ijayo.

Milango ya moshi ya hedi za L haifanani yote. Zipo zenye mlango wa mraba na zipo za duara. Flanji ichorwe kwa gasketi iliyowekwa juu ya hedi hiyohiyo itakayotumika, si kwa gasketi iliyokuwa imening'inia ukutani. Mlango wa duara ukikutana na bomba la mraba, ukingo wake hubaki ndani ya njia ya moshi.

Wakati wa kufunga kumbuka hedi ni ya alumini. Uzi ukikwisha, usilazimishe bolti nene zaidi. Waambie watoboe na kuingiza koili ya chuma, kazi inayojulikana na gereji yoyote inayofanya hedi. Bolti za mm 8 zikazwe hadi takriban Nm 20, ukianzia katikati kwenda nje, kwa hatua mbili. Washa injini ipate moto, izime ipoe kabisa, kaza tena. Rudia baada ya kilomita 500. Gereji inayokukabidhi gari jioni ileile bila kutaja kukaza mara ya pili haijamaliza kazi.

Kujua kama inavuja, sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi. Mlio wa tik-tik unaopungua chuma kikipata moto ni moshi unaopenya flanjini, ingawa wengi huudhani ni vali na kuanza kukaza vali zisizo na kosa. Mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kwa sekunde chache nawe upitishe mkono karibu na flanji bila kuigusa. Pumzi utaihisi.

Nyuma ya kolekta, endelea na bomba la mm 51 na sailensa ya kweli. Injini hucheza, bodi haichezi. Bomba likifungwa moja kwa moja kwenye bodi bila fleksi (kipande kinachonyumbulika), kila ukiachia klachi kolekta hubeba nguvu hiyo na hupasuka shingoni. Weka bano linaloshika bomba kutoka kwenye giaboksi, kisha fleksi, kisha vishikio vya mpira. Kolekta isishuke chini ya fremu inayobeba giaboksi. Lipime gari likiwa na watu wanne ndani, kwa sababu matuta ya mjini hayasubiri gari tupu. Katika hili mafundi wa Nakuru huzembea: kwenye stendi kila kitu kinaonekana kiko juu. Pia waombe kipande cha bati kati ya heda na mpira wa maunti ya kushoto, na nafasi ya angalau mm 20. Mpira ukichomwa na heda huisha haraka, injini inalala, na heda inashuka nayo.

Kabureta hukaa juu ya heda, kwa hiyo ile bati ya asili ya kuzuia moto irudishwe. Mara nyingi huachwa gereji kwa kuwa haikai vizuri na heda mpya. Ikikosekana, petroli huchemka ukisimama kwenye foleni ya Kenyatta Avenue mchana, na gari hukataa kuwaka hadi lipoe. Kinyume chake, manifoldi ya zamani ilikuwa inaipasha moto njia ya kuvuta, heda haifanyi hivyo. Asubuhi za Molo tarajia choki ya muda mrefu zaidi na kusitasita kwa kilomita za kwanza. Hiyo si hitilafu.

Je, jeti, vitundu vya kabureta vinavyopimia petroli, zibadilishwe? Heda hufanya injini ipumue zaidi na mchanganyiko huwa hafifu kidogo. Lakini Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na kabureta iliyowekwa kwa hewa nzito ya chini humwaga petroli kupita kiasi huku juu. Mambo hayo mawili hupunguzana, na gari lenye jeti za asili mara nyingi hukaa sawa hapa. Likishuka Kisumu, mita 1,130 hivi, hewa ni nzito zaidi na uhafifu huonekana. Weka plagi mpya za BP6ES, panda mlima mrefu kwa gia ya tatu, zima injini mahali salama na uzitoe. Rangi ya udongo mkavu ni nzuri. Nyeupe yenye vipele ni hatari kwa pistoni. Nyeusi ya masizi ni petroli nyingi. Usifanye jaribio hili Salgaa, malori ni mengi mno.

Na heda ya sandukuni? Nyingi zinazouzwa kwa injini za L zilikusudiwa Datsun 510 au magari ya Marekani yenye usukani kushoto, upande uleule wa moshi, kwa hiyo mabomba yamezungushwa kukwepa usukani ambao kwetu uko kulia. Fremu na sakafu ya 160J si za 510. Unalipa heda, usafiri na ushuru, kisha bado unaenda kwa fundi akate na kuunga. Sifa yake ni moja, nayo si ndogo: flanji huja imenyooka. Wapo walioagiza flanji peke yake na kuwaachia mafundi wa hapa mabomba, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia bora kama huna fundi wa lethi unayemwamini.

Kwa bei, patana vifaa na ufundi kando. Ukipewa bei moja ya jumla, bomba jembamba na bamba la mm 6 ndipo faida inapotafutwa. Lipa sehemu ya mwisho baada ya kukaza mara ya pili, si siku ya kuchukua gari.

Anayebaki na L16 yake nzima, kabureta moja na ekzosi ya asili, hatumshauri heda kabla ya kupima vali, kubadilisha pointi za distributa ziwe kati ya 0.45 na 0.55 mm, na kusafisha kabureta. Anayebadilisha injini naye ahakikishe namba mpya imeingizwa kwenye logbook (hati ya usajili wa gari) kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na risiti ya injini iwe na namba hiyohiyo iliyo kwenye bloku, tarakimu kwa tarakimu. Piga picha ya namba kabla injini haijaingia garini, kwa sababu kuisoma ikiwa ndani, nyuma kabisa karibu na ukuta wa kabini, ni kazi ya kioo na tochi.